Msiunyooshe Mstari wa Chamwamba

Wiki yangu ya mwisho katika ofisi ya hifadhi za bahari, Riziki alinijia na ramani ya hifadhi ya Chamwamba ikiwa kwenye kompyuta yake, akaiweka mbele ya kikombe changu cha chai. Riziki ndiye aliyepewa kazi ya kuzihamisha ramani zote za karatasi ziingie kwenye mashine. Akaniuliza, "Mzee Mutua, hapa alama ya saba mstari umerudi nyuma ghafla, halafu ukaenda mbele tena. Mkono uliteleza? Nataka niunyooshe."

Nikamwambia asiuguse mpaka nimwandikie. Nadhani alitazamia kikaratasi cha mistari miwili. Pole yake. Mtu aliyekaa kimya kwenye meza ya kuchorea miaka yote hiyo, ukimfungulia mlango wa kusema, hujui atakomea wapi. Basi nawaandikia na nyinyi wenzake mliobaki hapo. Habari za vyeo vyangu nitaziruka, kwa kuwa ni fupi.

Nilifika Malindi katikati ya miaka ya themanini nikitoka Mwingi, barua ya kazi nimeificha ndani ya soksi, maana mama alinionya kuwa mjini kuna wezi. Bahari nilikuwa sijaiona. Nilipanga chumba Kisumu Ndogo, na majirani zangu walikuwa watu wa kuja kama mimi: fundi cherehani kutoka Siaya, wapishi wa hoteli kutoka Machakos, mama muuza mandazi kutoka Murang'a. Salamu yetu ilikuwa moja tu: "Wewe ulikuja pwani lini?" Kwetu sisi pwani ilikuwa kila kitu kuanzia Mariakani kuteremka chini, na minazi yake, joto lake na mbu wake. Lishikeni neno hilo, maana ndilo lililoniponza.

Mchora ramani aliyenitangulia alikwisha kuondoka. Kwenye droo aliniachia wembe uliochomekwa kwenye kizibo cha chupa, na karatasi aliyoibandika kwa gundi: "Kosa la wino halifutwi. Hukwanguliwa." Sikumwona mtu huyo maishani mwangu, lakini ni mwalimu wangu. Siku hizo tulichora kwa wino mweusi juu ya karatasi nzito inayopitisha mwanga. Ukikosea, huna kitufe cha kurudi nyuma. Unachukua wembe, unakwangua taratibu, pumzi umeibana, kisha unapasugua kwa ukucha mpaka pawe laini, wino mpya usije ukatawanyika. Ukimaliza, mtu wa kawaida haoni kitu. Ila ukiiinua karatasi dirishani, pale palipokwanguliwa patang'aa kuliko pengine.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa Mzee Shee, nahodha wa mashua ya ofisi, mzaliwa wa Malindi mjini. Alinifundisha bahari na Kiswahili kwa pamoja, na alisema hajui ni katika kipi nilikuwa mbumbumbu zaidi. Wiki yangu ya kwanza niliandika kwenye ratiba kwamba tungetoka saa tatu asubuhi, kwa sababu ofisi ilifunguliwa saa mbili na mimi nilitaka nafasi ya chai. Saa tatu mashua ilikuwa imekaa juu ya mchanga, imeegemea ubavu. Mzee Shee alikuwa ameketi kivulini mwake anakula kashata.

"Bwana Mutua," akaniambia, "bahari haitii sahihi kwenye daftari la mahudhurio."

Ndipo nikajifunza. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na kwetu hupwa mwisho kabisa yapata saa nne au saa tano asubuhi. Katikati ya bamvua mbili ni maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Niliyaandika yote hayo kwenye daftari langu. Kuyaandika, nikaja kujua baadaye, si kuyaelewa.

Mwaka wangu wa tatu ikaja kazi ya Chamwamba. Hilo silo jina la kijiji chenyewe. Wenyewe sijawaomba ruhusa ya kuwaandika, kwa hiyo nimewabatiza. Kiko kati ya Kilifi na Watamu: nyumba za makuti, msikiti mmoja, shule moja, na mbele yake mwamba mrefu unaoyakinga mawimbi. Ofisi ilitaka bahari ya pale ihifadhiwe, pasivuliwe kabisa, samaki wapate pa kuzaana. Mkubwa wetu alikuwa Bwana Wekesa, mtu mtaratibu aliyenoa penseli zake mwenyewe. Yeye alipanga, mimi nilipima na kuchora, Mzee Shee alitupeleka.

Tulikwenda mara nyingi, kila mara kwa mashua, na mashua haipiti juu ya mwamba maji yakiwa machache. Basi tulikwenda maji yakiwa yamejaa. Mahali pale, nilivyopajua mimi, palikuwa bahari tupu kutoka mchangani hadi kwenye povu la mawimbi. Ingenipasa nijiulize chini ya yale maji mna nini na ni cha nani. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini mimi nilikuwa na kalamu mpya na haraka ya kuitumia.

Likaitishwa baraza darasani. Bwana Wekesa alikijua Kiswahili, lakini alikiogopa Kiswahili cha watu wa pale. Akasema maneno yake kwa Kiingereza, akaniachia mimi niyafasiri. Fikirini wenyewe: Mkamba wa Mwingi ndiye mfasiri wa kuwafasiria Waswahili. Wanaume waliuliza habari za nyavu na mlango wa kutokea, ule mwanya wa mwamba zinapopitia mashua. Wengine walinuna, na walikuwa na haki, maana yapo maeneo mazuri waliyokuwa wanayapoteza. Mwisho akasimama mwanamke mmoja nyuma, kanga ameifunga kiunoni. Aliitwa Bi Mwanakombo, lakini watu walimwita Bi Kombo. Alikuwa mjane, na ndiye mkubwa wa akina mama wanaochokoa pweza.

"Mimi nina neno moja tu," akasema. "Na pwani je?"

Nikamgeukia Bwana Wekesa, nikamweleza kwamba mama anauliza habari ya mchanga wa ufuoni. Akasema huo utabaki wao, bila shaka. Nikaugeukia umati, nikajibu kwa sauti ya mtu aliyejiamini: "Pwani hatutaigusa, mama. Pwani ni yenu kama ilivyokuwa."

Akina mama wakapiga makofi, mmoja akapiga kigelegele. Nilishangaa kidogo, watu gani hawa wanaoshangilia kuachiwa mchanga wa kuanikia nguo, lakini makofi ni makofi. Nikayapokea. Kwenye muhtasari nikaandika: "Pwani haitaguswa." Wazee wakatia sahihi na vidole gumba, nasi tukarudi Malindi tumeridhika.

Nikaichora ramani. Sijisifu, lakini ilikuwa kazi safi. Kwa ofisi, bahari huanza pale maji makubwa yanapofika, kwa hiyo mstari wa hifadhi nikauanzia hapo, chini tu ya minazi, nikautoa hadi nje ya mwamba. Ilitakiwa ipelekwe Nairobi siku ya Ijumaa ikapigwe mhuri. Jumanne nikatumwa Chamwamba na nakala yake, ingali ikinuka amonia ya mashine ya kunakilia, chifu aione mara ya mwisho. Injini ya mashua ilikuwa kwa fundi, nikaazima baiskeli pale njia panda, nikaingia kijijini kwa njia ya nchi kavu. Ilikuwa bamvua na ilikuwa saa nne.

Nilipotokeza kwenye minazi nilidhani nimepotea. Bahari haikuwapo. Pale nilipozoea kuona maji palikuwa na shamba kubwa la mawe, majani ya bahari na vidimbwi, linakwenda mbali mpaka mawimbi yanaonekana kama uzi mweupe. Na juu ya shamba hilo walikuwa wanawake, wameinama, kila mmoja na ufito wake wa chuma.

Bi Kombo aliponiona alikuja. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza habari za Malindi. Nikamkunjulia ramani juu ya ngalawa iliyofunikwa. Akaniambia nimwonyeshe msikiti, nikamwonyesha. Nimwonyeshe mlango wa kutokea, nikamwonyesha. Akauliza mstari mweusi ni wa nini, nikamwambia ndio mwanzo wa hifadhi.

"Na pwani iko wapi?"

Nikaweka kidole kwenye ule utepe mwembamba wa mchanga kati ya mstari na minazi. Akacheka, cheko la upole, akidhani namtania. Kisha akanitazama usoni, cheko likaisha.

"Vua viatu," akasema. "Twende."

Nilivua viatu na soksi, nikakunja suruali, nikamfuata. Tulitembea mpaka nyayo zikaniwaka moto. Katikati ya yale mawe akasimama.

"Hebu nisikize, mwanangu. Hapa maji hupwa. Mahali yanapopwa maji ndipo pwani. Kule kwenye mchanga ni ufuoni. Kwenu mwapaitaje?"

"Kwetu hakuna maji ya kupwa, Bi Kombo."

"Basi," akasema, na sikujua kama ni kunisamehe au ni kunifukuza.

Akanionyesha mashimo ya pweza. Kila mwanamke alikuwa na yake, na mengine yalikuwa na majina. Lake, karibu kabisa na mawimbi, liliitwa shimo la mama, kwa sababu mama yake ndiye aliyemrithisha. Akainama, akachungulia, kisha akaurudisha ufito begani. "Huyu analalia mayai," akasema. "Anayelalia haguswi." Na sisi tuliandika kurasa nne za kuwafundisha watu hawa uhifadhi.

Tuliporudi nusu ya njia akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia. "Mimi sijui kuandika. Najua kusikia. Ulisema pwani ni yetu, nikakupigia makofi mbele za watu. Hawa wenzangu hawakutaka kuja kwenye baraza lenu, niliwavuta mimi. Mume wangu Mungu amemchukua, nina wajukuu watatu, na sijapata kubisha mlango wa mtu kuomba kitoweo. Mkiichukua pwani, nitabisha." Hakupandisha sauti. Aliyasema huku akichagua pa kukanyaga, na kunionyesha na mimi pa kukanyaga, nisije nikachomwa na miiba ya bahari.

Niliona haya. Nayasema wazi kwa sababu katika kazi yetu watu husema "palitokea hitilafu". Hapakutokea hitilafu. Nilimwahidi mtu kitu nisichokijua, kwa lugha yake mwenyewe, kisha nikachora kumnyang'anya.

Nilirudi Malindi nimeshika shauri moja: Alhamisi, Bwana Wekesa akienda kula, nitachukua wembe, nikwangue ule mstari, niusogeze nje, nani atajua? Nikamwambia Mzee Shee. Alikuwa anasafisha plagi ya injini kwa mswaki wa zamani.

"Na wakikuuliza umeupima lini?" akasema. "Kwanza ulisema usilolijua. Sasa wataka kuchora usilolipima. Wewe Mutua, ulimi wako hauna mfupa na mkono wako nao umeuiga." Akaendelea kusugua plagi yake. "Nenda kwa mkubwa wako. Atakukasirikia, lakini hatakula nyama yako."

Nikaenda. Bwana Wekesa alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua jalada, akautoa muhtasari, akaweka kidole chini ya neno pwani.

"Wewe ulimaanisha nini?"

"Mchanga."

"Na wao walisikia nini?"

"Mwamba wote unaokauka."

Akalifunga jalada. "Basi sisi tulikubaliana na nani?" akauliza. Alikuwa amekasirika, lakini si kama nilivyoogopa. Aliniambia jambo ambalo nami nilikuwa sijalifikiria: samaki wengi hukulia kwenye vile vidimbwi vya mwamba. Tukiitoa pwani yote, hifadhi itabaki nusu hifadhi. Tukiichukua, tumewadanganya watu. Akaita Nairobi kwa ile simu ya kuzungusha, akawaambia ramani haitafika Ijumaa. Niliisikia sauti ya upande wa pili mpaka kwenye meza yangu. Yeye alijibu "ndiyo, bwana" mara saba au nane, na jina langu hakulitaja hata mara moja.

Tulingoja wiki mbili, bamvua nyingine. Safari hii Bwana Wekesa alizungumza mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha barua, akasimama ufuoni pekupeku mbele ya akina mama. Aliwaambia tulikosea neno. Akawaambia pia habari ya vidimbwi na samaki wadogo, bila kuficha. Kisha akasema, "Mimi sijui mstari upite wapi. Nawaomba mkasimame, kila mmoja pale anapotaka pwani iishie. Sisi tutapima mliposimama."

Nikamtazama. Katika vitabu vyote vya upimaji nilivyosoma, alama ni chuma, au jiwe, au mti uliotiwa rangi. Sikuwahi kusoma kwamba alama inaweza kuwa mwanamke aliyefunga kanga.

Wakaenda, kumi na mmoja. Nikasimamisha darubini ya kupimia juu ya jabali katikati ya mwamba, Bwana Wekesa akashika daftari, Mzee Shee akabeba ile rula ndefu kutoka kwa mama mmoja hadi mwingine. Alama ya kwanza, ya pili, ya tatu: wote walisimama ukingoni kabisa, pale mwamba unapokatika, kama tulivyotazamia. Bwana Wekesa aliandika namba, na nilijua anawaza nusu hifadhi yake.

Wa saba alikuwa Bi Kombo. Alikwenda mpaka ukingoni kama wenzake. Akasimama. Kisha akageuka, akaanza kurudi kuelekea kwetu, hatua baada ya hatua, akalipita shimo la mama yake, akaendelea, akasimama mbali ndani, maji ya kidimbwi yakimfika vifundoni.

Mzee Shee alidhani hakuelewa. Nilimsikia akimwambia, "Bi Kombo, shimo la mama yako umeliacha nje."

"Najua nilipoliacha," akamjibu.

Niliiacha darubini nikaenda, jambo ambalo mpimaji hatakiwi kulifanya. Nikamwambia kwamba si lazima, kwamba mstari unaweza kupita popote apendapo, kwamba hiyo ndiyo maana ya kumwita. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayerudia swali.

"Hapa ndipo wanapolalia kuliko kokote," akasema. "Hapa na pawe hifadhi. Juzi mlikuwa mwapachukua. Leo napatoa mimi."

Wa nane, aliyekuwa amesimama ukingoni, aliyasikia. Akafikiri kidogo, naye akarudi nyuma, si sana, lakini akarudi. Wa tisa hakusogea, wala hakuna aliyemlaumu. Ndiyo maana mstari ule umepinda ulivyopinda.

Usiku wa Ijumaa ya wiki hiyo ya kupima sikuwa na kazi nyingine ila wembe. Nilikwangua mstari wa kwanza wote, toka kusini hadi kaskazini, nikapasugua kwa ukucha, nikachora mpya kwa namba za akina mama. Ramani ilikwenda Nairobi, ikakaa huko miaka, ikarudi na mhuri. Wapo wavuvi waliotuchukia mpaka walipokufa, na sidhani walikuwa wajinga. Hifadhi haikuwa kubwa kama Bwana Wekesa alivyotaka. Lakini walinzi wa Chamwamba hawakupata kumkamata mwanamke yeyote ndani ya hifadhi. Kila nilipopita pale siku ya bamvua nilimwona Bi Kombo anatembea mpaka mpakani, ufito begani, anasimama, analitazama shimo la mama yake kwa mbali, kisha anageuka na kurudi kwa wenzake. Alifariki zamani. Mzee Shee naye, na Bwana Wekesa, wote wamekwisha kutangulia, na nakala ya karatasi iko kabati la tatu, droo ya chini. Iinue dirishani, Riziki. Chini ya minazi utaona mstari unaong'aa ambao haupo. Huo ni wangu.

Ule mwingine, uliopinda, si wangu, ndiyo maana nakuomba usiunyooshe. Niliporudi kwenye darubini siku ile Bwana Wekesa alinipa daftari niiandike mwenyewe alama ya saba, nami nikasimama pale nikimtazama Bi Kombo kupitia kioo, kichwa chini miguu juu kama darubini zile zilivyoonyesha. Akaniona nimekawia. Akanipigia kelele kwa mara ya kwanza na ya mwisho tangu nimjue.

"Andika, Mutua. Maji yanajaa."